Manyani wa Adili Chini ya Mto wa Binti



Hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja katika waumini wetu hapa Maswa alitufuata katika ofisi ya kamati ya msikiti. Alishika kitabu chembamba kwa ncha za vidole, mithili ya mtu aliyebeba panya aliyekufa. Alikiweka juu ya daftari la michango, akasema: "Ustadhi, hiki nimekikuta chini ya mto wa binti yangu. Kina majini, kina mapenzi, na kuna mji mzima uliogeuzwa mawe. Kamati itangaze siku ya Ijumaa kwamba vitabu vya namna hii havifai."

Kitabu chenyewe kilikuwa Adili na Nduguze, cha marehemu Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Tulimjibu kwa heshima: "Mzee wetu, hukumu haitolewi juu ya kitabu kisichosomwa. Tupe siku mbili." Ukweli ni kwamba sisi wenyewe mara ya mwisho tulikishika tukiwa wanafunzi, na tulichokumbuka ni manyani tu.

Siku mbili hazikuhitajika. Tulianza baada ya Isha, na kabla ya usiku wa manane tulikuwa tumefika mwisho. Shaaban Robert tunamjua kwa sentensi zake za kupimwa na nasaha zake ndefu, lakini hapa kisa kinakwenda mbio. Mfalme Rai anamtuma mjumbe wake kwa Adili, liwali wake, kudai kodi iliyochelewa. Mjumbe analala kwa liwali, na usiku anamchungulia mwenyeji wake: mtu huyu mpole anawapiga mijeledi manyani wawili, kisha anawalisha kwa upendo huku akilia. Mfalme anataka kujua siri, na siri inapoanza kufunguliwa msomaji hapati tena pa kupumzikia. Manyani wale ni ndugu wa Adili wa damu, Hasidi na Mwivu.

Kwa namna gani waligeuzwa? Watatu hao waligawana mirathi ya baba yao. Wawili wakaitapanya, na Adili akawagawia ya kwake. Baadaye walisafiri pamoja baharini kwa biashara, na huko Adili akauona mji uliolaaniwa, ambao watu wake walikataa kuonywa waache ibada ya batili, wakageuka mawe. Aliyesalia hai ni binti mmoja, Mwelekevu, aliyemwamini Mungu peke yake katikati ya mawe yale. Adili akampenda, akaondoka naye. Ndugu zake wakaingiwa na choyo, wakamtupa Adili baharini. Jini aliyewahi kutendewa wema naye akamwokoa, akawageuza wale wawili manyani, akampa Adili amri ya kuwapiga kila usiku.

Sasa turudi kwenye hoja ya mzee, kwa kuwa si hoja dhaifu. Wafasiri wa Qur'ani, walipoieleza aya ya 6 ya Surat Luqman, wamemtaja Nadhri bin Harith, aliyewasimulia Makuraishi habari za wafalme wa Uajemi ili wasimsikilize Mtume (s.a.w.). Hadithi zinaweza kuwa chambo. Na leo hatuna haja ya kumtafuta Nadhri mbali: vipo visa vinavyouzwa kwa vipande katika simu, kila kipande kikiishia mlangoni mwa chumba cha kulala ili msomaji alipie kinachofuata. Hivyo hatuvitetei.

Lakini wanazuoni wetu hawakukifunga kila kisa cha kubuni. Kalila wa Dimna, ambamo wanyama wanazungumza, kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Ibnul Muqaffa' katika karne ya pili ya Hijra. Maqamat ya Hariri yamesomwa na wanafunzi wa dini kwa karne nyingi, na visa vyake vya Abu Zayd ni vya kubuni. Hata kisa cha Adili kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, katika habari ya Abdallah bin Fadhil na nduguze. Na watoto wetu hapa Usukumani, je, si wanalala kwa kusimuliwa Shing'weng'we aliyemeza watu wote, mpaka Masala Kulangwa akawatoa? Hatujamsikia mzazi akimfukuza bibi kwa sababu ya Shing'weng'we.

Kitabu kina kasoro zake. Ukikutana na mtu aitwaye Hasidi, hungoji ukurasa wa mwisho kujua atafanya nini. Adili naye ni mwema mno, hata tulitamani akasirike mara moja. Lakini kuna usiku ule wa mijeledi. Muislamu anayesoma Surat Yusuf anawajua ndugu wanaomtupa ndugu yao kwa husuda. Tulichokuwa hatujakitazama ni uchungu wa aliyedhulumiwa, anapopewa mjeledi mkononi na kuambiwa apige, na kila pigo linamwumiza yeye.

Mzee aliporudi tulimsimulia kisa kama tulivyokisimulia hapa. Alisikiliza bila neno mpaka tulipofika kwenye mirathi, akainamisha kichwa. Yeye na mdogo wake hawajasalimiana tangu shamba la pamba la baba yao lilipogawanywa, na hilo waumini wengi wanalijua. (Ameturuhusu tuandike hata hili, kwa sharti tusimtaje jina.) Mara mbili kamati imejaribu kuwakutanisha, mara mbili mkeka umekunjwa bila suluhu.

Akatuuliza: "Wale manyani, walirudi kuwa watu?"

Tulimjibu kwamba jibu limo kitabuni, na kwamba binti yake, kwa alivyotueleza mama yake, alikuwa bado hajafika huko kilipochukuliwa. Tukamwomba wakimalize pamoja, yeye akisikiliza na binti akisoma, maana macho ya mzee wetu hayaoni tena herufi ndogo. Alikitazama kwa muda, akakitia mfukoni mwa kanzu, akaomba ruhusa kwenda kutawadha.

Tangazo la Ijumaa halikutolewa. Kitabu bado kiko kwao.