Pasipoti Haiongei Kiingereza

Leo wengine wenu mtanikasirikia, na ni sawa tu.

Kuna zile video mnanitumia kila wiki. Mwalimu kijana anaamka kwa kanyumba kake kadogo huko Korea Kusini, anavuta pazia, anapanda basi ambalo halina makanga wa kumsukuma. Akifika shuleni anavua viatu mlangoni na kuvaa ndara. Watoto wanamkimbilia: "Ticha! Ticha!" Saa sita anakula na wanafunzi, sinia ya chuma, wali, supu na kimchi. Jioni yuko na marafiki, wanachoma nyama hapo hapo mezani, wanacheka. Kisha chini ya video nakuta komenti za watu wetu. "Mungu nikumbuke." "Mwaka ujao niko hapo." "Nani anajua njia?"

Njia naijua. Kama una pasipoti ya Kenya, haiko.

Sijasema ni ngumu. Nimesema haiko. Viza ambayo walimu hao wanatumia kufundisha Kiingereza inaitwa E-2, na Korea Kusini inaipa watu wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Hesabu tena kama unataka. Unaweza kuwa ulipata A ya Kiingereza kwa KCSE, una shahada ya ualimu, umefundisha miaka mitano bila kukosa somo hata moja. Karatasi zako hazitafika mahali pa kusomwa. Labda uoe au uolewe huko, au upate ukaazi wa kudumu, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Kwa hivyo yule ajenti aliyekwambia ulipe ada ya kushikilia nafasi ya ualimu Korea, anakuibia. Hapa Kinoru kuna mama jirani yetu aliuza ng'ombe wa maziwa juu ya ahadi kama hiyo. Kijana wake alinunua suti, akapiga picha za pasipoti, akaagwa na kanisa. Mpaka leo yuko Makutano anauza vioo vya simu, na ukimuuliza habari ya Korea anaangalia kando. Sitamtaja ajenti. Lakini mama alipoteza ng'ombe kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha orodha ya nchi saba, na orodha si siri.

Sasa mniskize, kwa sababu hasira yangu haiko kwa ajenti peke yake.

Nina beshte yangu aliyeenda Daegu kusomea shahada ya uzamili. Tulisoma pamoja, tukatoka pamoja. Yeye ndiye alikuwa anatuandikia barua za kuomba kazi sisi wote, kwa sababu Kiingereza chake hakina mchezo. Tunaongea Jumamosi. Korea iko mbele yetu kwa masaa sita, kwa hivyo saa kumi jioni nikiwa nimekaa nje karibu na uwanja wa Kinoru, kwake ni saa nne usiku na amechoka.

Huko amepata rafiki, dada kutoka Afrika Kusini, mwalimu wa Kiingereza kwa shule ya msingi. Ni urafiki wa kweli, sitaki mtu ajifanye ni vita. Huyo dada alimfundisha kupanda treni, alimpeleka hospitali alipougua, wanasukana nywele kwa sababu saluni ya kusuka nywele za Kiafrika si kitu unapata kila kona. Naye beshte yangu ndiye anajua upande wa maisha ya ticha ambao video hazionyeshi. Mwajiri anakupa nyumba, ndiyo, lakini ni chumba kimoja na kazi ikiisha nyumba imeisha. Darasani uko na mwalimu Mkorea pembeni, na siku nyingine yeye ndiye anaamua kila kitu. Wale wa hagwon, zile akademia za tuisheni, wanaanza kazi mchana na kutoka usiku. Marafiki wako wengi ni wageni kama wewe, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, kwa hivyo kila mwaka kuna mtu unamsindikiza uwanja wa ndege na humwoni tena. Upweke uko, na hata hao wa nchi saba wanalia.

Lakini wanalia wakiwa na mshahara. Mwalimu anayeanza anapata won milioni mbili na kitu kwa mwezi. Hizo ni kama laki mbili za Kenya. Hapa kwetu mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya chini, mtu mwenye shahada, amekuwa akipewa 20,000 kabla ya makato. Ndiyo maana waligoma mwaka wa 2024. Mnaona kwa nini vijana wanalilia hizo video? Huo si uzembe. Ni hesabu.

Sasa sikia hii. Lugha ya nyumbani ya huyo rafiki yake ni Kixhosa. Kiingereza alikikuta shuleni, kama sisi. Kule Afrika Kusini, watu wanaoongea Kiingereza nyumbani ni chini ya mmoja kati ya kumi. Na Korea inajua. Ndiyo maana Mwafrika Kusini akiomba hiyo kazi anaambiwa alete barua za kuonyesha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza kuanzia shule ya upili mpaka chuo. Akileta, basi, ni mwalimu.

Rudia hiyo sentensi polepole. Kipimo ni kusomeshwa kwa Kiingereza.

Sisi je? Kenya unaanza na lugha ya mama kwa madarasa ya chini, halafu kuanzia la nne hesabu ni Kiingereza, sayansi ni Kiingereza, mtihani wa mwisho ni Kiingereza. Katiba ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Barua hiyo anayotoa Mwafrika Kusini, mwalimu mkuu yeyote wa Meru anaweza kuiandika kabla ya chai ya saa nne. Kwa hivyo kipimo tunacho. Kitu hatuna ni jina kwenye orodha.

Na beshte yangu? Kuna Jumamosi alikuwa anacheka huku anapiga miayo. Nikamuuliza, "Kwani leo umefanya nini?" Akasema rafiki yake alikuwa na somo la wazi Jumatatu, wazazi watakuja kuangalia, kwa hivyo walikaa pamoja mpaka usiku wakipanga. Yeye ndiye aliandika hadithi ya kusomewa watoto. Yeye ndiye alirekebisha sarufi. Halafu akanawa uso, akaenda zamu yake ya kubeba sahani kwenye mkahawa, kazi ambayo kibali cha mwanafunzi kinamruhusu. Jumatatu watoto wa Kikorea wakasoma hadithi ya msichana wa Kinoru. Aliyelipwa ni mwingine, na huyo mwingine alijua, akaona haya, akamnunulia chakula cha jioni. Hawajagombana. Lakini beshte aliniambia kitu: "Siku hizi akiniuliza swali la Kiingereza, kuna kitu kinanichoma kabla nijibu." Hiyo ndiyo orodha inafanya. Inaingia katikati ya watu wawili wanaopendana.

Najua mtasema nini.

Mtasema kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Kweli. Korea ina haki hiyo na mimi sina shida nayo. Shida yangu ni kuambiwa sababu ni lugha. Sema ni pasipoti, tuelewane.

Mtasema ni lafudhi, wanataka watoto wasikie matamshi sawa. Matamshi yapi? Weka mtu wa Glasgow, wa Texas na wa Dublin kwenye meza moja, uniambie kama wanaongea sawa. Wote watatu viza wanapata. Tena mtoto wa Korea anapambana na herufi mbili ambazo kwa lugha yake ni kama moja, L na R. Nani atamwelewa vizuri? Ni yule aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni, au ni sisi tuliojifunza lugha ya tatu tukiwa na kaptula, tukakosea, tukarudia? Aliyevuka mto kwa miguu ndiye anajua mawe yako wapi.

Mpaka hapo mnapiga makofi. Sasa tukuje nyumbani.

Wiki jana mtu alinitumia video ya mwalimu wetu wa Meru, mzee wa watu, anaongea kwa mkutano wa wazazi. Akatamka neno moja la Kiingereza kwa ulimi wa Kimeru. Video ikasambaa. Maelfu ya vicheko. Ati ameshrabu. Nyinyi nyinyi mnaolia kwa sababu Korea imekataa Kiingereza chetu, mlikuwa hapo mkicheka. Nilikuwa nacheka pia, sikatai.

Kwani kushrabu ni nini kama si orodha ya nchi saba, tumeitengeneza wenyewe? Shuleni tulivaa diski shingoni kwa kuongea Kimeru. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka wa 1986 jinsi watoto wa wakati wake walivyoadhibiwa kwa kuongea Kikuyu shuleni, na sisi wajukuu tukakuta adhabu bado iko, imebadilisha jina tu. Tumefundishwa kwamba Kiingereza kizuri ni kile ambacho hakinuki nyumbani. Kuna shule za pesa nyingi nchini hii zinaweka picha ya mwalimu mzungu kwa bango ili wazazi waingie mbio, na hakuna anayeuliza huyo mzungu alisomea nini. Korea haijatukataa mara ya kwanza. Ya kwanza tulijikataa sisi.

Halafu mnashangaa hakuna anayetutetea? Juni 2024 kulikuwa na mkutano mkubwa wa Korea na Afrika huko Korea Kusini. Rais wetu alikuwa huko. Wakapiga picha, wakaongea mikopo na biashara. Mpaka leo orodha ni ya saba.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu, na si vya maajabu.

Serikali iombe kitu kimoja, kwa barua, kwa jina: Mkenya apimwe kwa kile kipimo cha Mwafrika Kusini. Tusiongezwe huruma. Barua za shule, shahada, cheti cha tabia njema, na mtihani wakitaka. Watakaoshindwa washindwe wakiwa wamefika mlangoni.

Wewe ambaye una ndugu anayejipanga kulipa ajenti, mwonyeshe posti hii usiku wa leo. Usingoje ng'ombe aende.

Na sisi sote, tuwache kucheka mzee wa watu. Lafudhi ya Kimeru si kosa la Kiingereza. Ni ushahidi kwamba mtu ana lugha mbili zaidi yake.

Beshte anamaliza masomo mwaka ujao. Juzi nilimuuliza kama atajaribu kubaki. Akanyamaza kidogo, nikasikia magari ya huko nyuma yake. Akasema, "Nitarudi nifundishe Kinoru. Lakini nilitaka nirudi kwa sababu nimechagua."