Gari la mkulima ni mtaji: Mng'aro si kinga

Ukisimama kwenye kituo chochote cha mafuta au sehemu ya kuoshea magari mjini, utakutana na vijana wenye ndoo, matambara na chupa za dawa za kung'arisha magari. Kila chupa inasifiwa kuwa inaleta mng'aro na inalinda rangi. Mfanyabiashara aliyetoka sokoni analipa, gari linang'aa kama jipya, naye anaondoka ameridhika. Baada ya mvua moja mng'aro umekwisha.

Swali la kujiuliza ni hili: je, alichonunua ni kinga au ni mafuta tu ya kupendezesha macho?

Wapo watakaosema hili ni jambo la matajiri, si la mkulima. Sikubaliani nao. Kwa wengi wetu, pikapu au kirikuu ndiyo mali ya thamani kubwa kuliko zote baada ya shamba na nyumba. Tena magari mengi tunayonunua ni yaliyotumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kuanzia mwaka 2018. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Maana yake ni kwamba gari linatufikia rangi yake ikiwa imeshapigwa jua kwa miaka, na kulibadilisha kwa jingine ni gharama. Njia rahisi ni kulitunza lililopo.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Pikapu ya familia yetu tuliiosha kwa miaka mingi kwa sabuni ya unga, kisha tukaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili ing'ae. Siku ya kuiuza, mnunuzi alipitisha kiganja juu ya boneti, kikatoka na unga mweupe. Akainama kutazama chini ya milango, akakuta kutu. Hakubishana sana, alitaja bei yake, nasi tukaipokea.

Rangi imejengwaje

Rangi ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa. Chini kuna rangi ya msingi inayoshika bati, juu yake rangi yenyewe tunayoiona, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi. Vanishi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu, na ndiyo inayopambana na jua, vumbi, kinyesi cha ndege na utomvu wa miti. Ikiisha, hairudi bila fundi wa rangi.

Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo, kwa sababu madukani karibu kila kitu kinaitwa polishi. Ziko bidhaa za aina tatu, na kazi zake ni tofauti.

Ya kwanza ni sabuni ya gari, ambayo kazi yake ni kutoa uchafu bila kuchubua kinga iliyopo. Sabuni ya unga na ile ya kuoshea vyombo zimetengenezwa kukata mafuta, hivyo huondoa nta pamoja na uchafu.

Ya pili ni polishi halisi, ile yenye chembe za kusugua kama msasa laini sana. Huondoa mikwaruzo kwa kupunguza vanishi kidogo. Gari linang'aa kweli, lakini limepungua. Atakayekufanyia hivyo kila mwezi anakumalizia gari. Mara moja kwa mwaka, au pale tu inapohitajika, inatosha.

Ya tatu ni kinga, yaani nta au dawa ya kutengenezwa kiwandani inayofanya kazi kama nta. Hii haipunguzi kitu, inaongeza tabaka juu ya vanishi. Nta ya kawaida hudumu wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu, kutegemea jua na uoshaji. Ya kiwandani kwa kawaida hudumu zaidi.

Mafuta ya taa na dizeli hayamo katika kundi lolote kati ya hayo. Yanang'arisha kwa saa chache, yanakamata vumbi, na yanayeyusha nta iliyokuwepo.

Nta ni zao la shamba

Nta inayosifika zaidi kwa magari ni karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki mwa Brazili, katika majimbo kama Piauí na Ceará. Mti huo hujipaka nta ili usipoteze maji wakati wa ukame. Wakulima hukata majani, huyakausha na kuyapiga hadi nta idondoke. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 na zaidi, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 65 hivi. Ndiyo maana nta ya nyuki peke yake hulainika juu ya boneti iliyokaa juani na kunasa vumbi.

Karnauba tupu ni ngumu kama jiwe, hivyo kila kopo lina mchanganyiko wa viyeyusho na nta nyingine, hata kama limeandikwa asilimia 100. Usilipie maandishi. Jaribu kwa maji: yakikusanyika kuwa matone ya duara, kinga ipo, yakitandaa, imekwisha.

Namna ya kutumia

Osha gari kivulini, bati likiwa limepoa. Anza kwa maji mengi ili mchanga utoke kabla hujagusa kwa kitambaa, maana mchanga ndio unaokwaruza. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kausha, kisha paka nta kidogo sana, sehemu moja baada ya nyingine. Acha ikauke na kuwa ukungu, halafu futa kwa kitambaa laini. Kupaka nyingi ni kupoteza fedha. Dawa ya kung'arisha tairi isiguse sehemu inayokanyaga barabara, breki, pedeli wala usukani, kwani huteleza.

Kwa anayebeba mbolea ya chumvichumvi, samadi ya kuku au samaki, nta ya juu haitoshi kamwe. Chumvi hukaa kwenye tundu za kutolea maji na chini ya zulia, na kutu huanzia humo. Suuza chasisi na bodi la nyuma kwa maji baada ya kila mzigo wa aina hiyo, zibua tundu hizo, kisha tumia dawa ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Oili chafu inaharibu bushi za mpira na kudondokea ardhi ile ile unayoilima.

Hesabu

Tuchukue mfano. Pikapu ina thamani ya shilingi milioni 18, na mnunuzi anapunguza asilimia 10 kwa sababu ya kutu na rangi iliyopauka. Umepoteza shilingi milioni 1.8. Ukitumia shilingi 15,000 kila mwezi kwa sabuni, vitambaa na nta, miaka 5 inakugharimu shilingi 900,000, yaani nusu ya hasara hiyo.

Lakini hesabu hiyo ina mpaka. Kama vanishi imekwisha kubanduka, nta haitairudisha. Mwenye gari la namna hiyo aachane na chupa za mng'aro, fedha hiyo aipeleke chini ya gari kuzuia kutu, maana rangi mbaya hupunguza bei, bali chasisi iliyooza huliondoa gari barabarani.

Mwandishi ni mchumi wa kilimo.