Mambo ya Nyumbani: Sindano ya Chanjo na Woga Wake

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni woga wa sindano.

Katika nyumba zetu nyingi mtoto akilia usiku huambiwa, "Nyamaza, ama daktari atakuja kukuchoma sindano!" Mtoto hunyamaza, nasi twadhani tumeshinda. Lakini tumefanya nini? Tumeitwaa dawa iliyo rafiki yake, tukaigeuza kuwa fimbo. Siku ya chanjo ikifika twashangaa kumwona akipiga kelele na kung'ang'ania mlango, wala hatukumbuki ya kuwa sisi ndio tuliomfundisha. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Wala woga huu si wa watoto tu. Katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, alikuwako kijana jina lake Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Siku zile watu walikuwa wakichanjwa ndui, lakini yeye aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu, kama alivyokiri mwenyewe baadaye. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua watoto wawili wenye ndui, ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi sana, lakini ilitosha: baada ya siku kadha naye akashikwa na ndui. Kwa rehema za Mungu akapona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa maambukizo ya kawaida, yasiyotoka katika maabara. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Baadaye Maalin akafanya kazi ya kuhimiza chanjo ya polio katika Somalia, akiwasimulia wazazi wenye mashaka habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013. Hakuwaficha watu kwamba aliogopa, nasi twaona ya kuwa maneno yake yalipata nguvu kwa sababu hiyo.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuseme kweli. Mtoto akiuliza, "Je, itauma?" tusimjibu, "Haiumi hata kidogo." Akisha kuumia atajua ya kuwa tumemdanganya, na safari ya pili hatatuamini. Njia ya mwongo ni fupi. Tumwambie, "Itauma kidogo kama mwiba, kisha itakwisha, nami nitakuwa karibu nawe."

Pili, tumshike vema. Mtoto mchanga na apakatwe na mama yake, tena anyonyeshwe wakati wa kuchomwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri hilo, maana kunyonya na kukumbatiwa hupunguza uchungu. Mtoto aliyekua kidogo na aketi wima magotini pa mzazi. Asilazwe chali na kukandamizwa, kwa kuwa hofu yake itazidi. Asimuliwe hadithi, ama aimbe wimbo aupendao.

Tatu, twawaomba waalimu. Katika Tanzania, tangu mwaka 2018, wasichana huchanjwa ili kukingwa na saratani ya mlango wa kizazi, na tangu 2024 dozi moja yatosha kwa wenye miaka 9 hadi 14. Wengi huchanjwa shuleni, na huko woga huenea kama moto wa nyika: akianguka mmoja, wa pili naye huona kizunguzungu. Kwa hiyo wanafunzi wale na kunywa maji kabla ya kuchanjwa. Wasipangwe mstari mrefu wakitazamana, na aliye na hofu nyingi atangulie. Kila mmoja aketi, aulegeze mkono wake, maana mkono uliokazwa huuma zaidi. Atazame kando, avute pumzi na kuishusha polepole. Mwenye desturi ya kuzimia amwambie muuguzi mapema, ili achanjwe akiwa amelala, naye akaze misuli ya miguu na kuilegeza mara kwa mara. Kisha wote wakae dakika 15 kabla ya kwenda zao.

Nne, maumivu ya mkono. Dawa imeingia katika msuli wa bega, na mwili umewaamsha askari wake. Kwa hiyo uvimbe kidogo, wekundu na maumivu ni mambo ya kawaida, nayo hupita kwa siku mbili tatu. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Mtu autumie mkono kwa kazi nyepesi, kama kufagia, maana mkono usiotumiwa hukakamaa. Usichuliwe, wala usipakwe majani wala dawa ya meno. Homa au maumivu yakimsumbua, apewe paracetamol kwa kipimo cha umri wake, lakini isiwe desturi kumpa kabla ya chanjo. Na mtoto asipewe aspirini. Uso ukivimba, au akipumua kwa shida, au akitoka vipele mwili mzima, apelekwe kwa mganga upesi, bila kungoja. Na uvimbe wa mkono ukizidi kukua, au homa ikipita siku mbili, arudishwe kituoni.

Ndugu zetu, woga si dhambi, wala machozi si aibu. Bwana wetu mwenyewe usiku ule bustanini alihuzunika sana, wala hakuificha huzuni yake. Aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Nao wakalala usingizi. Mtoto wetu akitushika mkono mlangoni pa zahanati, anatuomba neno lile lile. Basi sisi tusilale, bali tukae naye mpaka kwishe.