Sheria ya Kuchoma Taka Ianzie Uani mwa Serikali

Ni machache kati ya mambo yanayokatazwa mijini ambayo hutendwa hadharani, tena kwa moyo mweupe, kama uchomaji wa taka. Mwizi hujificha gizani na mlanguzi hufunga mlango wa ghala, lakini mchoma taka hufagia ua wake asubuhi na mapema, hukusanya majani, makaratasi na mifuko chini ya mwembe, huwasha kiberiti, na jirani anayepita humsifu kwa usafi. Ndivyo ilivyo katika kata ya Kashaulili, katikati ya Manispaa ya Mpanda, na ndivyo ilivyo katika kata nyingi za nchi hii. Kiangazi kinapokolea, majani yakapukutika na upepo ukatulia jioni, moshi wa malundo hayo madogo hukutana juu ya mapaa na kukaa hapo mpaka usiku.

Yafaa ikumbukwe kwamba desturi hiyo haikuzuka kwa ukaidi wa wananchi. Ilifundishwa. Kwa miaka mingi mafunzo ya afya, shuleni na zahanati, yalikuwa na kauli moja: taka zichomwe au zifukiwe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujisomea, na matunda yake yakaonekana kwa macho. Vyoo vilichimbwa, vichaka kuzunguka nyumba vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Wazee wengi wa leo walikulia katika imani kwamba ua uliofagiliwa ukabaki mweupe ni kinga dhidi ya mbu na kuhara, na imani hiyo ilikuwa na msingi. Taka za kaya za wakati ule zilikuwa maganda ya mihogo, mabua, majivu, matambara ya pamba na vikapu vilivyochakaa. Karibu kila kitu kilichoingia motoni kilikuwa kimetoka ardhini.

Taka za leo ni nyingine. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu yake, ofisi ziliongezeka, maduka yakaongezeka, na watumishi wakahamia na familia zao. Pamoja nao zikaja chupa za maji, vifuko vya pipi, nepi za kutupwa, mabaki ya nyaya, viatu vya plastiki na makopo ya rangi. Vitu hivi vyote hufagiliwa pamoja na majani ya mwembe, huungua pamoja nayo, na moshi wake hauna tofauti kwa jicho la mtu asiyejua.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Plastiki ya aina ya PVC, inayotumika katika mabomba na maganda ya nyaya za umeme, ina klorini. Ikiungua katika moto hafifu wa uani, ambao haufikii joto la tanuri, huzaa sumu za jamii ya dioksini. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2004, unautaja uchomaji wa taka mahali pa wazi kuwa mojawapo ya vyanzo vya sumu hizo. Nazo haziishii hewani. Hutua juu ya nyasi na udongo, kuku na mbuzi wakazila, zikahifadhika katika mafuta ya nyama, katika mayai na maziwa, hata zikarudi mezani kwa yule yule aliyewasha kiberiti. Moshi wa majani peke yake nao si salama. Ndani yake mna chembe zisizozidi mikroni 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, ambazo hupita puani bila kizuizi na kufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipunguza nusu kiwango cha chembe hizo linachokishauri kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa.

Kuna jambo jingine ambalo Mpanda ina sababu yake ya pekee ya kulitazama. Mji huu ulikuzwa na mgodi wa madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo, ambao ulifungwa mwaka 1960. Risasi ile ile leo hurudi mjini ikiwa imefungwa ndani ya betri za magari na za umeme wa jua. Betri iliyokufa ikitupwa katika lundo linalowaka, watoto wanaocheza karibu na majivu hayo ndio watakaoipokea.

Je, nchi imekosa sheria? La. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inazibebesha serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Kanuni za taka ngumu zilitolewa mwaka 2009, mwaka ule ule ilipotungwa Sheria ya Afya ya Jamii. Na tangu mwaka 1982 Sheria ya Mamlaka za Miji imewapa madiwani uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hutangazwa kwa wakazi ili wenye pingamizi waseme, kisha huidhinishwa na Waziri na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Njia imenyooka. Sentensi moja ya kupiga marufuku uchomaji wa taka mjini yaweza kuandikwa kabla ya chai ya saa nne.

Ugumu uko kwingine. Chukua mfano wa mama mwenye mtoto mchanga katika mtaa ambao lori la taka halijawahi kuingia na ambao kizimba chake cha karibu ni safari ya nusu saa kwa miguu. Ana nepi sita za jana. Ameambiwa asizitupe mtaroni, na ni kweli zitaziba mtaro. Ameambiwa asizifukie uani, maana mbwa watazifukua. Sasa aambiwe pia asizichome. Sheria ya namna hiyo haimwachii mama huyu njia yoyote ya halali, naye atafanya lile atakaloliweza, ila atalifanya usiku. Siku mgambo atakapomkuta, faini atakayotozwa itakuwa ni bei ya lori ambalo halikuja. Wala hili si la Mpanda peke yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya asilimia 90 ya taka huishia katika majalala yasiyosimamiwa au kuchomwa hadharani.

Ripoti hiyo hiyo ina habari ya pili, ambayo haikusemwa sana: zaidi ya nusu ya taka za nchi hizo ni mabaki ya vyakula na majani. Maana yake ni kwamba nusu ya kazi haihitaji lori hata kidogo. Majani yanaweza kubaki pale pale yalipoanguka, yakawa mboji. Yakitengwa na plastiki, kinachobaki cha kuchukuliwa na lori ni kidogo, hakinuki, na chaweza kungoja wiki nzima ndani ya gunia.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawabadiliki. Mifuko ya plastiki inawajibu. Mwezi Aprili 2019 Serikali ilitangaza kuwa kuanzia Juni 1 mwaka huo mifuko hiyo itakuwa marufuku Tanzania Bara, na mtumiaji atakayekutwa nayo atatozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000. Mabishano yalikuwa mengi, lakini ulipofika mwezi Juni sokoni kulikuwa na mifuko mbadala ya kununua. Mtu aliacha kitu kimoja akashika kingine. Haikuwa kamili, maana vifungashio vyembamba vya vyakula vilianza kugeuzwa mifuko kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo mitaro ya miji ilipata nafuu, na ilipata nafuu kwa sababu mbadala ulitangulia adhabu.

Katika suala la majani, mbadala huo unapaswa kutangulia kuonekana wapi? Na tuulizwe kwa wazi: nani hasa mchomaji mkubwa wa majani katika kata ya mjini? Si mama wa kaya mwenye ua wa hatua ishirini. Ni mwenye eneo kubwa lenye miti mingi na mikono mingi ya kufagia, na wenye maeneo ya namna hiyo ni shule, ofisi za umma, mahakama, vituo vya afya na nyumba za ibada. Mtumishi wa ofisi huchoma majani ya ua wa ofisi kabla ya mkuu wake kuwasili, ili mkuu akute pamependeza. Desemba 9, 2015 maadhimisho ya Uhuru yaligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Ni utaratibu mzuri. Lakini mara ngapi kazi hiyo iliyoanza kwa fagio imemalizikia kwenye kiberiti, viongozi wakiwa wamesimama upande ambao upepo hauendi?

Shuleni mkanganyiko huu ni mchungu zaidi. Saa tatu asubuhi mwalimu hufundisha kwamba majani yaliyooza hurutubisha udongo, na mwanafunzi huandika hivyo daftarini. Saa nane mchana mwanafunzi huyo huyo hutumwa kuleta njiti akachome majani yaliyofagiliwa. Mwalimu hana nia mbaya; ana wanafunzi wengi, ana ratiba, na ana mkaguzi anayependa kuona ua mweupe. Lakini mtoto hujifunza kutokana na kile alichokitenda kwa mikono yake. Ajabu ni kwamba shule za nchi hii zilikwisha kuijua njia nyingine. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule likawa sehemu ya masomo, na shamba lilihitaji samadi na mboji.

Kazi yenyewe haina maajabu. Huchimbwa shimo lenye kina kisichofika mita moja, mahali penye kivuli, mbali na kisima na madarasa. Majani makavu hutangulia, kisha maganda na mabaki mabichi ya jikoni, kisha samadi au udongo kidogo, na mpangilio hurudiwa mpaka shimo lijae. Majani makavu peke yake huoza polepole mno, na ya mwembe ni magumu kuliko mengi. Ndiyo maana watu hujaribu mara moja, wakakata tamaa. Yakichanganywa na vitu vibichi, yakapata unyevu na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, huwa udongo mweusi katika muda wa miezi michache. Katika Mpanda majani mengi huanguka wakati maji ni haba. Basi yakusanywe kiangazi ndani ya shimo, yafunikwe kwa udongo ili yasipeperuke wala kushika moto, na mvua ziendeleze kazi.

Wanaopinga wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Husemwa kwamba lundo la majani hualika nyoka. Ni kweli kwa lundo lililoachwa wazi nyuma ya nyumba; shimo lililofunikwa na kugeuzwa mara kwa mara si maskani mazuri ya nyoka. Husemwa pia kwamba moshi hufukuza mbu, na huwafukuza kweli kwa nusu saa, lakini chandarua hufanya kazi usiku kucha bila kumkoholesha mtoto. Mkulima wa pamba atauliza kwa haki mbona yeye huamriwa kung'oa masalia ya pamba na kuyachoma. Amri hiyo ipo ili kuua wadudu wasivuke msimu, nayo ni ya shambani. Vivyo hivyo taka za hospitali zina matanuri yake na wasimamizi wake. Sheria ndogo iliyoandikwa kwa uangalifu itayataja mambo hayo mawili, na haitawachanganya watu.

Kwa hiyo marufuku ya aina moja kwa watu wote kwa siku moja si njia ifaayo. Plastiki, matairi, nyaya na betri havina hoja ya kutetewa, na katazo lake laweza kuanza mara moja, na Bwana Afya akapewa nguvu ya kulisimamia. Majani ya kaya yangoje mpaka mtaa uwe na siku inayojulikana ya kupita kwa lori au guta, na kizimba ambacho bibi kizee anaweza kukifikia. Lakini majani ya ofisi na shule yasingoje kitu, kwa kuwa hapo hakuna wa kushawishiwa: anayetoa amri na anayeitekeleza wote wamo katika orodha moja ya mishahara. Na faini ya kwanza, kama itakuwako, imwangukie mkuu wa taasisi ambayo moshi umeonekana ukitoka uani mwake, wala si mfagiaji aliyetumwa.

Agizo la namna hiyo laweza kutolewa na mkurugenzi wa halmashauri kwa waraka wa ukurasa mmoja, kabla hata rasimu ya sheria ndogo haijafika katika Baraza la Madiwani. Mvua za Mpanda huanza kushika mwezi Novemba. Shimo moja kwa kila shule ya Kashaulili linahitaji majembe manne na nusu siku ya kazi, na majembe hayo tayari yamo stoo.