Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?



Mwaka 1979 watafiti waliofika Sanje, katika milima ya Udzungwa, walisikia mlio wa kima wasiyemjua. Aliyewatajia jina lake, ngolaga, ni mwenyeji aliyewaongoza. Mwaka 2003, huko Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa waliwasimulia watafiti habari za kipunji. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa. Hugunduliwaje mnyama aliyekwisha kupewa jina?

Hatupingi Hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Msitu ni kazi ya Muumba na chemchemi ya maji yetu. Lakini mwaka 2011 wanavijiji walikatazwa kuokota kuni kavu humo. Aliyeaminiwa kumwonyesha mtaalamu njia, mbona haaminiwi na mzigo wa kuni?

Haki yadai mambo matatu: matokeo ya utafiti yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, elimu ya wazee itajwe kuwa ni elimu, na katazo lolote litanguliwe na mashauriano. Viongozi wa jumuiya, lisemeni jambo hili bila woga. Mgeni amekwisha kuja; mwenyeji naye apone.