Huzuni na Deni la Shimo

Makongolosi, mji wa dhahabu wilayani Chunya, shimo likikosa mawe mchimbaji hubaki na deni, na deni humwondolea usingizi. Tumezoea kumwambia ndugu huyo kwamba imani yake imepungua. Huko ni kumdhulumu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliomba kinga dhidi ya hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akautaja uzito wa deni.

Basi na aandike anadaiwa nini na nani, amwendee mdai kabla ya kutafutwa. Deni lisilohesabiwa hutisha kuliko lililohesabiwa. Alale na kuamka kwa saa zilezile, kukicha atembee, ale hata akikosa hamu ya chakula. Pombe (tunajua inanywewa, tusijidanganye) huzidisha huzuni.

Kisha azungumze. Harare, Zimbabwe, tangu 2006 mabibi waliofunzwa huketi benchini na wenye mawazo, wakatafuta pamoja njia ya kutatua shida moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa wengi hupata nafuu. Barazani kwa misikiti yetu wazee wa kufunzwa hawakosekani.

Hali ikipita wiki mbili, aende hospitali. Akitaja kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.