Augusta inasogeza goli, tatizo ni mpira

MASTRAIKA wa leo wanapiga mashuti makali kuliko wa zamani. Sasa fikiria kila klabu inaambiwa irefushe uwanja ili makipa wapumue. Nani atakubali? Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, iwe Old Trafford au kwa Mkapa, basi. Kwenye gofu hali ni tofauti, na bili inazidi kukua.

Mwaka 1997 Tiger Woods, kijana wa miaka 21, alitwaa Masters pale Augusta National, Marekani, kwa mikwaju 18 chini ya kiwango. Aliyeshika nafasi ya pili aliachwa kwa mikwaju 12. Uwanja ulikuwa na yadi 6,925. Mwaka 2002 ukafika 7,270, na 2024 ukawa 7,555.

Shimo la 13 linaeleza kila kitu. Njia yake inakata kona kushoto, na kijito kinapita mbele ya eneo la bendera. Bobby Jones na Alister MacKenzie, waliochora uwanja huo, walimpa mchezaji mtihani: ajilipue avuke maji kwa mkwaju wa pili, au acheze salama avuke kwa wa tatu? Mpira ulipoanza kuruka mbali mno, wenye nguvu wakawa wanaipitisha kona juu ya miti na mtihani ukageuka mteremko. Augusta ikanunua ardhi ya klabu jirani, na mwaka 2023 shimo likatoka yadi 510 hadi 545.

Lakini urefu peke yake hautishi mtu. Shimo la 12 lina yadi 155 tu, fupi kuliko yote pale. Kijito mbele, eneo la bendera jembamba, mitego ya mchanga mbele na nyuma, halafu upepo usiotabirika. Hapo Jordan Spieth, akiwa anaongoza mwaka 2016, alitumbukiza mipira miwili majini na taji likaenda kwa Danny Willett. Woods mwenyewe alipiga mikwaju 10 hapo mwaka 2020.

Hata Rory McIlroy, bingwa wa 2025, siku ya mwisho alicheza salama kwenye la 13, kisha mkwaju wa chini ya yadi 100 ukazama kijitoni. Alitoka na mikwaju saba, na ilibidi amalizane na Justin Rose kwenye shimo la nyongeza.

Augusta ina hela. Je, uwanja kama wa Gymkhana, Dar es Salaam, uliobanwa na jiji, utanunua jirani gani? Na kila yadi inayoongezwa inadai nyasi, maji na ada kubwa kwa wanachama.

Ndiyo maana R&A na USGA, wasimamizi wa sheria za gofu, Desemba 2023 walitangaza kipimo kipya kitakachopunguza umbali wa mpira, wakipanga kianze na wachezaji wakubwa mwaka 2028. PGA Tour haikuridhia, na baadhi ya watengenezaji wa mipira walipinga. Hoja yao inaeleweka: mashabiki wanapenda kuona mpira unapaa.

Ila mashabiki haohao hukaa roho juu pale shimo la 12, na hapo hakuna anayehitaji nguvu. Kupunguza mpira kidogo ni nafuu kuliko kuhamisha uwanja kila baada ya miaka michache.